Somo la kikundi: Kupima soko la kripto kabla ya kuliamini

Somo hili limeandaliwa Kisangani kwa ajili ya wawezeshaji wa vikundi vya amani na vikundi vya kuweka na kukopa. Linahitaji muda wa saa mbili hivi. Vifaa: noti moja ya dola, simu moja yenye intaneti, na kisanduku cha kikundi pamoja na funguo zake. Ikiwa katika kikundi chenu hakuna hata mtu mmoja anayeshughulika na sarafu za mtandaoni, msiliruke kwa sababu hiyo. Sisi pia tulidhani hakuna.

Habari iliyotuleta kwenye somo

Ng'ambo ya mto, katika komini ya Lubunga, kuna kikundi kimoja cha kuweka na kukopa, AVEC kama tunavyosema hapa. Wanachama ni akina mama wengi na akina papa wachache. Kilianza kwa shida, baada ya mapigano kati ya Wambole na Walengola yaliyozuka Februari 2023 kwa sababu ya ardhi, wakati watu wengi walipokimbilia mjini. Watu wa pande zote mbili walikubali kuweka makuta yao katika kisanduku kimoja. Kwetu sisi tunaofanya kazi ya amani, kisanduku hicho kilikuwa na maana kuliko semina nyingi tulizoendesha. Mtu anaweza kukaa semina siku tatu pamoja na adui yake, akala naye, akarudi nyumbani jinsi alivyokuja. Kumwachia adui huyo ufunguo wa makuta yako ni jambo lingine.

Mwishoni mwa mwaka, majuma machache kabla ya kugawana, kijana mmoja mwanafunzi wa chuo, mtoto wa mwanachama, aliwaonyesha programu katika simu yake. Aliiita soko la kripto. Alikuwa ameweka dola 50, na kila asubuhi namba ilipanda. Mama mweka hazina aliuliza maswali mazuri, lakini alimwuliza kijana, na kijana naye alikuwa akirudia aliyoambiwa katika kundi la WhatsApp na mtu ambaye hakuwahi kumwona. Wenye funguo watatu walikubaliana. Zilitoka dola 400 kisandukuni.

Baada ya majuma matatu simu ilionyesha zaidi ya dola 1,000. Walipotaka kuzitoa, jibu lilikuja kwamba akaunti lazima kwanza ithibitishwe kwa kuweka dola 100 nyingine. Walichangishana wakazilipa. Kesho yake kundi la WhatsApp lilikuwa limefungwa, na programu haikufunguka tena.

Waliponiita kwa usuluhishi, neno la kwanza nililosikia ni hili: "Mtoto wenu amekula makuta yetu." Maneno hayo mawili, "wenu" na "yetu", hayakuwa yamesikika katika kikundi kile tangu kianze. Kijana alikuwa wa upande mmoja, na wengi wa waliopiga kelele walikuwa wa upande wa pili. Mtu mmoja alitaja mambo ya 2023. Mama wa kijana alikuwa amekaa karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mtu anayejiandaa kuondoka.

Kijana aliposimama alisema: "Papa, ada yangu ya masomo pia imo mle. Sikuiba. Nilichagua soko baya. Mazuri yapo, watu wanayatumia. Mbona hamtufundishi kuyatofautisha?"

Nakiri kwamba nilikuwa nimejiandaa kusema: acheni kabisa mambo haya. Lakini vijana wetu hawataacha. Wapo wanaolipwa kazi zao za mtandaoni kwa njia hii, na wapo wanaotumia njia hii kulipia bidhaa kutoka nje. Tukiwakataza tu, watajifunza kwa yule wa WhatsApp. Ndipo tukaandaa somo hili, na tumeshalifanya katika vikundi kadhaa vya mji wetu.

Kuna sababu nyingine ya kulifanya hapa Kisangani. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, kwa ajili ya madhara ya vita pamoja na yale ya Vita vya Siku Sita vya Juni 2000 mjini petu. Mfuko wa FRIVAO, uliopewa kazi ya kugawa fidia hiyo kwa waathirika, una makao yake hapa hapa. Mji ambao watu wake wanasubiri fidia, au wameipokea, ni shamba zuri kwa wadanganyifu. Makuta yaliyotolewa kwa ajili ya mtoto aliyekufa yakipotea katika simu, msiba unaanza upya.

Zoezi la noti

Mwezeshaji aanze kwa kupitisha noti ya dola mkononi mwa kila mshiriki, awaombe waikague kama wanavyoikagua sokoni. Hapa hakuna la kufundisha. Kila mtu wa Kisangani anajua: noti inapapaswa, inainuliwa kwenye mwanga, kingo zinatazamwa, na ikiwa imechanika hata kidogo inarudishwa kwa mwenyewe. Mbadilisha makuta wa barabarani, kambisti, naye anakaguliwa. Tunajua anakaa wapi kila siku, tunajua jina lake, na tunahesabu mabunda yake mara ya pili mbele ya macho yake. Mzee mmoja alitukumbusha enzi za maduka ya wanunuzi wa almasi: mchimbaji aliyeshuka kutoka upande wa Bafwasende hakuuza jiwe lake katika duka la kwanza, alizunguka kwanza maduka mawili matatu.

Kisha mwezeshaji aulize: yule aliyetuambia tuweke makuta kwenye programu, nani alimkagua hivi? Asijibu mwenyewe. Awaache wakae na swali hilo.

Soko la kripto ni kitu gani?

Wengi hawajui, na hakuna aibu. Bitcoin ilianza Januari 2009. Ni sarafu isiyo na noti wala benki kuu. Hesabu zake zinaandikwa katika daftari moja la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi duniani. Zipo sarafu nyingine nyingi, na zipo zilizofungwa na thamani ya dola, kama USDT. Si kwamba kitu chenyewe ni uongo. Hata Hifadhi ya Virunga, kwa majirani zetu wa Kivu ya Kaskazini, ilianza mwaka 2020 kutumia umeme wa maji wa Luviro kuchimba bitcoin. Lakini bei hupanda na kushuka vibaya: Novemba 2021 bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya 17,000. Mtu aliyechagua soko zuri kuliko yote bado angepoteza robo tatu ya makuta yake kama alinunua juu akauza chini. Somo hili halifundishi kupata faida.

Soko ni kampuni inayopokea makuta yako, inakuandikia sarafu, na siku ukitaka inakurudishia makuta. Mradi sarafu zako ziko sokoni, mwenye funguo zake ni soko, si wewe. Kwa hiyo namba unayoiona kwenye simu ni deni. Inasema: "tunadaiwa na wewe kiasi hiki." Kama lile deni litalipwa au halitalipwa, namba haisemi. Kijana mmoja katika kikundi cha Mangobo alitafsiri vizuri zaidi yangu: "Kumbe ni kama kitabu cha mwenye duka. Ameandika ananidai au namdai, lakini kitabu hakiliwi." Mwezeshaji arudie jambo hili mara nyingi kadiri inavyohitajika. Yote yanayofuata yanatoka hapo.

Kutoa ndiyo mtihani

Watu wakichagua soko hutazama faida, au jinsi ilivyo rahisi kuweka makuta. Kuweka ni rahisi kila mahali, hata kwa mwizi. Anza upande wa pili. Chukua kiasi kidogo ambacho kikipotea nyumbani hamtalala njaa, tuseme dola 10. Weka, nunua, uza, halafu zitoe mpaka zifike kwenye M-Pesa, Airtel Money au Orange Money yako, na kutoka huko mpaka mkononi. Andika ada zote zilizokatwa njiani. Mara nyingi mtu hushangaa ni kiasi gani kimeliwa. Baada ya mwezi rudia, kwa kiasi kikubwa kidogo. Kumbuka kwamba mdanganyifu hodari hukuruhusu kutoa mara ya kwanza, ili ulete zaidi na uite jamaa. Kwa hiyo kufaulu mara moja hakutoshi. Kushindwa mara moja kunatosha.

Na likitokea lile lililotokea Lubunga, kwamba unaambiwa ulipe ili utoe, simama hapo hapo. Soko halali hukata ada yake ndani ya makuta yako yenyewe. Linaweza kukuomba kitambulisho au picha ya uso, haliwezi kukuomba uongeze makuta mapya ili uyaone ya zamani. Si sisi peke yetu tuliopatwa na haya. Aprili 2025 programu iliyoitwa CBEX ilifunga njia ya kutoa, na watu wengi sana wa Nigeria, na wengine wa Kenya, wakabaki wakitazama namba. Wakaambiwa waliokuwa na chini ya dola 1,000 walipe 100, na waliozidi hapo walipe 200, eti kuthibitisha akaunti. Nilipowasomea wanachama wa Lubunga habari hiyo, mama mweka hazina aliweka mkono kinywani. Ni maneno yale yale.

Kuna dalili nyingine inayofanana. Sarafu ya kweli unaweza kuitoa katika soko moja ukaipeleka katika soko lingine, au katika pochi yako mwenyewe. OneCoin, iliyouzwa nchi nyingi pamoja na Uganda, haikuweza kwenda popote nje ya nyumba ya waliyoiuza, kwa sababu daftari la pamoja halikuwapo. Mwanzilishi wake, Ruja Ignatova, alitoweka Oktoba 2017, na Marekani bado inamtafuta. Sarafu inayouzwa katika mlango mmoja tu, na mlango huo ni wa aliyekuuzia, usiiguse.

Nani atajibu wakipotea?

Swali la pili ni la leseni, na hapa watu wetu wanadanganywa kwa karatasi. Mdanganyifu atakuonyesha cheti chenye muhuri. Soma ni cheti cha nini. Namba ya RCCM inaonyesha kwamba kampuni imeandikishwa kufanya biashara. Hata duka la sabuni linayo. Dunamiscoins ya Uganda ilikuwa kampuni iliyoandikishwa, na ilikuwa na ofisi mjini Masaka ambamo watu waliingia na kutoka. Ilipofungwa Desemba 2019, maelfu walikuwa wameweka makuta yao. Ofisi yenye viti si leseni.

Leseni inayotafutwa ni ile ya mamlaka inayosimamia fedha, na haikaguliwi katika picha aliyokutumia muuzaji. Inakaguliwa katika orodha ya mamlaka yenyewe. Afrika Kusini ina mamlaka inayoitwa FSCA, na mtu yeyote anaweza kutafuta jina la kampuni katika orodha yake. Ilianza kutoa leseni za kripto mwaka 2024. Kenya ilipata sheria yake Oktoba 2025, na usimamizi umewekwa chini ya Benki Kuu na mamlaka ya masoko ya mitaji. Tanzania, kupitia Benki Kuu yake, ilitoa tangazo la tahadhari Novemba 2019. Kwetu, mlango wa kugonga ni Benki Kuu ya Kongo, ambayo ina ofisi mjini Kisangani. Nendeni watu wawili au watatu, na jina la kampuni likiwa limeandikwa kwenye karatasi, mkaulize: mnaifahamu? mmeipa ruhusa? Mkiambiwa hapana, mmejua jambo kubwa: ikifungwa, hapa nchini hakuna dawati la kupeleka malalamiko yenu.

Usikubali pia leseni ya nchi nyingine bila kuuliza kama inamlinda mteja aliye Kongo. Makampuni mengine makubwa yana tawi lenye leseni kwa ajili ya Wazungu, na tawi lingine lisilo na msimamizi kwa ajili yetu sisi wengine. Imeandikwa katika masharti, kwa herufi ndogo, kwa Kiingereza. Mtafuteni mtu wa kuwasomea.

Soko haliahidi faida

Hili nalipita haraka, kwa sababu wazee wanalijua. Waliokuwa watu wazima mwaka 1991 wanakumbuka Bindo Promotion ya Kinshasa, ambayo ilirudisha makuta mara nyingi zaidi mpaka siku ilipokosa wapya wa kuwalipia wa zamani. Tanzania walikuwa na DECI, ambako mtu "alipanda mbegu" akangoja "kuvuna", mpaka serikali ilipoifunga mwaka 2009. Soko la kweli linafanana na mwenye meza sokoni: anakula ada ukinunua, anakula ada ukiuza, na kama umepata au umepoteza si kazi yake. Anayekuahidi asilimia kila siku, au kukulipa kwa kuleta jirani, hana soko.

Kufuli tatu

Sasa mwezeshaji alete kisanduku cha kikundi, akiweke katikati, aulize: kwa nini kina kufuli tatu? Washiriki watajibu wenyewe. Mtu mmoja anaweza kufa, anaweza kuugua, anaweza kujaribiwa.

Aeleze kisha habari ya QuadrigaCX, iliyokuwa kati ya masoko makubwa ya Kanada. Mwanzilishi wake, Gerald Cotten, alifariki India Desemba 2018. Kampuni ikasema ni yeye peke yake aliyekuwa na funguo za sarafu za wateja. Wachunguzi wa serikali walipomaliza kazi yao mwaka 2020, walisema sehemu kubwa ya makuta hayo Cotten alikuwa ameshayapoteza akiwa hai, kwa kucheza nayo katika biashara zake. Kanada! Akina mama wa Lubunga walikuwa na kufuli tatu kwa kisanduku cha mbao, na kampuni yenye wateja maelfu mengi ilikuwa na ufunguo mmoja katika mfuko wa mtu mmoja. Tulipofika hapa watu walicheka, kwa mara ya kwanza tangu tuanze.

Ukubwa peke yake haumlindi mtu. Mt. Gox ya Tokyo ilikuwa soko kubwa kuliko yote duniani. Februari 2014 ilifilisika. Bitcoin zilizotajwa kupotea zilikuwa karibu 850,000, ingawa 200,000 hivi zilionekana baadaye. Wateja wake walianza kulipwa sarafu Julai 2024, yaani baada ya miaka 10. FTX ilikuwa na jina lake kwenye uwanja wa michezo wa Miami. Novemba 2022 ilianguka, ikionekana kwamba makuta ya wateja, kama dola bilioni 8, yalikuwa yamechukuliwa kwa matumizi mengine. Mkubwa wake, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa miaka 25 Machi 2024. Siku moja kabla ya kuanguka, namba za wateja zilionekana nzima kwenye simu.

Basi tuulize nini? Tuulize kama makuta ya wateja yanatengwa na makuta ya kampuni. Tuulize kama soko linaonyesha hadharani sarafu lilizonazo ili watu wahesabu, na kama linaonyesha madeni yake pia, kwa maana akiba bila madeni ni nusu ya hesabu. Tuulize limefanya nini siku ya shida. Februari 2025 wezi waliiibia Bybit sarafu za thamani ya karibu dola bilioni 1.5, na bado iliendelea kuwaruhusu wateja kutoa. Siisifu kampuni hiyo. Nasema kwamba siku kama hiyo inaonyesha mengi kuliko matangazo ya mwaka mzima. Binance nayo, kubwa kuliko zote, ilikiri makosa mbele ya mahakama ya Marekani Novemba 2023 ikakubali kulipa zaidi ya dola bilioni 4. Mambo haya yanaandikwa na yanapatikana. Kabla ya kuweka makuta, tafuta jina la soko pamoja na maneno "wizi", "faini" na "kutoa", kwa Kifaransa na kwa Kiingereza.

Mambo ya hapa kwetu

Watu wengi hapa hawanunui kwa benki, wananunua mtu kwa mtu: wewe unatuma makuta kwa simu, mwenzako anaachia sarafu. Soko zuri hushika sarafu za muuzaji mpaka athibitishe kwamba amepokea. Ukihama kutoka sokoni na kumalizia mazungumzo WhatsApp kwa sababu "ada ni ndogo huko", umeiacha kinga hiyo. Ukiwa wewe ndiye muuzaji, usiamini ujumbe wa SMS wala picha ya malipo; ingia mwenyewe kwenye menyu ya simu yako, angalia salio. Jina la aliyetuma makuta liwe lile lile la aliye sokoni. Likiwa jina la mtu wa tatu, rudisha, kwa sababu huenda makuta hayo yameibwa kwa mtu mwingine, na atakayetafutwa ni wewe.

Kitambulisho ni shida yetu ya pili. Wengi wetu tuna kadi ya mpiga kura tu, na masoko mengine hayaitaki. Tangu Oktoba 2022 nchi yetu iliwekwa katika orodha ya kimataifa ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu kuhusu usafishaji wa fedha haramu, na tangu hapo Mkongo huulizwa maswali mengi zaidi. Uliza mapema kama soko linapokea kitambulisho chako, kabla makuta hayajaingia. Usinunue akaunti ya mtu, wala usitumie ya shemeji aliye Kampala. Akaunti yenye jina lake ni yake. Tumeona ndugu wa tumbo moja wakiacha kuamkiana kwa jambo hili, na hakuna aliyekuwa mwizi: mmoja alifungiwa akaunti, mwingine hakuamini.

Halafu kuna umeme na mtandao. Anayefanya biashara hii mjini petu anajua jinsi umeme unavyokatika wakati bei inashuka. Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 intaneti ilifungwa nchi nzima kwa karibu majuma matatu. Aliyekuwa ameweka makuta ya chakula mle alisubiri. Nenosiri, uthibitisho wa hatua mbili, na yale maneno 12 au 24 ya siri ya pochi, visipewe mtu yeyote, hata anayejiita mfanyakazi wa soko. Anwani ya soko iandike mwenyewe. Usifuate njia uliyotumiwa katika ujumbe.

Mwigizo na maswali

Watu wawili waigize: mmoja anamshawishi mwenzake aweke makuta, mwingine anauliza. Mshawishi achaguliwe yule anayejua kusema sana. Kila mara muulizaji akiridhika haraka, kikundi kipige makofi mara moja kumzindua. Halafu jadilianeni. Ni swali lipi lilimshinda mshawishi? Nani katika familia zetu angeona aibu kutuambia kwamba amepoteza? Makuta ya kikundi yanaweza kwenda wapi, na nani aulizwe kabla hayajatoka?

Kuhusu swali hili la mwisho sisi tuna msimamo. Mtu akitaka kujaribu soko kwa makuta yake, baada ya kupima yote haya, ni shauri lake. Makuta ya kisanduku yasiende, hata kwenye soko zuri kuliko yote, hata wenye funguo wote watatu wakikubali. Kikundi cha Lubunga kimeandika hivyo katika kanuni zake.

Yaliyofuata Lubunga

Usuluhishi ulichukua vikao vinne. Katika kikao cha pili tuliandika ubaoni nani aliamua nini na siku gani, na ilionekana wazi kwamba walioamua walitoka pande zote mbili. Yule aliyetaja mambo ya 2023 aliomba radhi, kwa sauti ndogo, lakini aliomba. Kijana alikubali kurudisha sehemu yake; anauza vocha za simu karibu na kivuko, na kila Jumamosi analeta franga 5,000. Wenye funguo nao waliacha gawio lao la mwaka.

Mama mweka hazina alitoa ufunguo wake shingoni akauweka mezani, akaomba apewe mtu mwingine. Walijadiliana muda mrefu. Kisha mama wa yule kijana, aliyekaa karibu na mlango siku ya kwanza, alisimama, akauchukua ufunguo, akamrudishia.